Somo: Mnyama Asiyeliwa Naye Aliingia Safina

Someni kwanza: Mwanzo 7:1-9, Mwanzo 9:8-11, Kumbukumbu la Torati 22:6-7.



Kila Mkimbangu anaijua amri hii tangu utoto: hatuli nguruwe, wala hatuli nyani. Mtoto wa shule ya Jumapili akiulizwa ataitaja bila kusita, pamoja na ile ya pombe, ya tumbaku na ya ngoma. Lakini siku moja, baada ya ibada, papa mmoja wa parokia iliyo kando ya msitu alinijia na swali ambalo sikulitazamia. Alisema: «Mchungaji, tangu niingie kanisani sijaonja nyani hata mara moja. Lakini nina mitego ya nyaya kule mwituni. Kinachonaswa ninakikausha kwa moshi, ninawauzia wachimbaji wa dhahabu. Safari moja nilimkuta mtoto wa gorila amekufa mtegoni. Nilimuuza kama nyama nyingine. Mimi sikumla. Je, nimevunja amri?»

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia: «Papa, tukasome kwanza.» Somo hili ndilo jibu lake, na nadhani si lake peke yake.

JUU YA SAFINA

Tufungue Mwanzo sura ya 7. Mungu anamwagiza Nuhu aingize wanyama walio safi saba saba, na wasio safi wawili wawili. Mstari huo tunausoma mbio, tukiwaza mvua inayokuja. Tusimame hapo kidogo. Hao wasio safi waliingizwa kwa kazi gani? Si kwa chungu cha mke wa Nuhu. Safina ilikuwa na vipimo vyake, nafasi haikuwa ya kuchezea, na kila mnyama aliyeingia ilibidi alishwe kwa mikono ya Nuhu na wanawe miezi yote ile. Hata hivyo Mungu hakusema: huyu haliwi, mwacheni azame.

Tena katika sura ya 9, maji yalipokauka, agano halikufanywa na Nuhu na watoto wake peke yao. Linawataja ndege, wanyama wa kufugwa na wanyama wa mwitu, wote waliotoka safinani. Kwa hiyo mnyama tusiyemla ana agano na Muumba wake. Amri yetu inamwondoa katika sahani yetu, haimwondoi katika mkono wa Mungu.

Hapo ndipo wengi wetu tumepotea njia. Tumeifanya amri kuwa ya mdomo tu, mikono tumeiacha huru. Hatuli, lakini tunatega. Hatuli, lakini tunabeba mzigo wa nyama kwenye pikipiki kwa sababu mwenye mzigo analipa vizuri.

JUU YA GORILA WA NCHI YETU

Huyo mtoto aliyekufa mtegoni alikuwa wa kabila gani la wanyama? Huku mashariki tuna gorila, wengine humwita ngagi, ambaye wataalamu wamempa jina la gorila wa Grauer. Haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kongo: Kahuzi-Biega, Maiko, Itombwe na mapori yaliyo katikati. Katika miaka ya 1990 wataalamu walikadiria kwamba wapo 17,000 hivi. Kisha vikaja vita, na mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda ghafula, watu kwa maelfu wakaingia msituni kuchimba. Mchimbaji hali koltani. Alikula kilichokuwa karibu. Ndovu wa upande wa milima wa Kahuzi walikwisha karibu wote, na gorila wa upande huo huo, waliokuwa 250 hivi mwaka 1996, wakabaki 130 hivi mwaka 2000.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba gorila wa Grauer waliobaki kwa jumla ni 3,800 tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2021, baada ya kupimwa maeneo zaidi, ilifika 6,800. Tumshukuru Mungu kwa hilo, lakini tusidanganyike: hao wote wangeweza kuingia katika uwanja mdogo wa mpira na viti vikabaki.

Na kuongezeka kwao ni kwa polepole sana. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka 10 hivi. Hubeba mimba miezi minane na nusu, akazaa mtoto mmoja, akamnyonyesha na kumbeba mgongoni, na huzaa tena baada ya miaka minne hivi. Akina mama wanaosoma hapa wataelewa kuliko mimi. Waya wa mtego hauulizi kama aliyepita ni swala au ni mtoto huyo. Wako gorila wanaotembea leo na mkono mmoja kwa sababu ya waya uliotegewa swala.

Kama kuna anayedhani msitu hauwezi kwisha wanyama, aulize habari za Garamba. Kule kaskazini, mwaka 2003, walikuwapo bado vifaru weupe wa kaskazini 30 hivi. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe, na miaka michache baadaye hakuonekana tena hata mmoja. Dume la mwisho la aina hiyo, lililokuwa likitunzwa Kenya, lilikufa Machi 2018. Wamebaki majike wawili, mama na binti yake. Mwaka 2023 waliletwa Garamba vifaru 16 kutoka Afrika Kusini, lakini hao ni wa aina nyingine.

JUU YA MAMA WA NDEGE

Sasa Kumbukumbu la Torati 22. Mtu amekuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda. Sheria haimkatazi kuchukua makinda. Inamkataza kumchukua mama pamoja nao, na inamwahidi maisha marefu akitii. Ni amri ndogo sana. Lakini ahadi yake inafanana na ile ya kuheshimu baba na mama! Mungu anamruhusu mwenye njaa kula, lakini hamruhusu kuukata mti ili apate tunda. Mtego wa waya hufanya kinyume kabisa cha sheria hii, kwa maana hauwezi kumwacha mama aende zake.

Wapo wanaosema amri yetu ya nyani ni ya kutukinga na magonjwa. Amri haikuja na maelezo ya daktari, nasi tuliitii kabla ya daktari. Hata hivyo tusikie kilichotokea mwaka 1996 huko Mayibout, Gabon. Watu walimkuta sokomutu amekufa msituni, wakamchuna na kumgawana. Ebola iliwashika waliomchuna na kushika nyama yake. Ugonjwa haukungoja mdomo, uliingia kwa njia ya mikono.

NENO GUMU

Hapa lazima niseme kweli, la sivyo papa yule atafunga kijitabu hiki. Njaa ipo. Na parki yenyewe ina historia yake. Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, ndugu zetu Batwa walitolewa katika msitu wa babu zao bila fidia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba Serikali iliwavunjia haki zao. Sisi ambao wazee wetu walifukuzwa makwao na wakoloni kwa ajili ya imani tunajua uchungu huo. Anayelia kwa ajili ya gorila akakaa kimya juu ya Batwa hajasoma Biblia nzima. Lakini na yule anayesema «kwa sababu tulionewa, basi tumalize wanyama» amewaonea watoto wake mwenyewe. Walinzi wa parki nao ni wana wa nchi hii. Virunga pekee wameuawa zaidi ya 200.

JIBU KWA PAPA

Basi, papa yangu, amri ya mdomo umeitunza, ile ya mkono umeivunja. Sikuhukumu. Hukumpangia mtoto yule kifo, lakini waya ni wako na pesa uliipokea. Ninakuomba mambo mawili: ung'oe mitego yote ya nyaya iliyobaki, hata ile ya zamani uliyoisahau, kwa maana waya hushika hata mwenyewe akiwa amelala nyumbani, na usibebe tena nyama ya jamii ya nyani, iwe yako au ya mwingine.

Lakini sisi huimba Upendo, Amri, Kazi, Bolingo, Mibeko, Misala. Amri bila upendo na kazi itakuacha na watoto wenye njaa. Kwa hiyo parokia nayo ina deni kwako. Nimezungumza na akina mama wanaofuga kobayi jikoni. Mnyama huyo hubeba mimba miezi miwili na siku chache, akazaa wawili, watatu, hata wanne. Watakupa majike manne na dume moja. Utawarudishia idadi hiyo hiyo watakapozaana, ili apewe mtegaji mwingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika parokia yenu, ni nani anayepata pesa kwa nyama ya pori? Mtegaji, mbebaji, muuzaji au mwenye pikipiki? Amri inamgusa nani kati yao?

2. Kwa nini Mungu aliingiza safinani wanyama wasio safi?

3. Batwa wanaoishi karibu nanyi wanasema nini juu ya msitu? Kama hamjawauliza, nendeni mkawaulize kabla ya kikao kijacho.

4. Ni kazi gani mnayoweza kumpa mtu aliyeng'oa mitego yake wiki hii?