Nishati za mabaki ya mbao: ipi ni salama nyumbani?

Baridi ikibana hapa Stockholm wengi huulizana namna ya kupata joto na kupika kwa gharama nafuu. Leo tulinganishe nishati zinazotokana na mabaki ya mbao.

1. Unga wa mbao na maranda. Nyumbani wengi tunalijua jiko la kopo linaloshindiliwa unga wa mbao. Ni rahisi, lakini moshi wake huumiza macho na mapafu. Halifai ndani ya nyumba.

2. Peleti. Ni unga wa mbao uliokaushwa na kugandamizwa kuwa vijiti vyembamba vya milimita 6 au 8. Zina moshi kidogo, ila zinahitaji jiko maalumu lenye dohani. Zikirundikwa kwa wingi mahali pasipopita hewa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi hata kabla ya kuwashwa. Novemba 2006, katika bandari ya Helsingborg, mtu mmoja alifariki kwa gesi hiyo melini wakati shehena ya peleti ikipakuliwa.

3. Briketi za mbao. Ni kubwa kuliko peleti na huwashwa kama kuni, katika jiko lenye dohani iliyokaguliwa.

4. Mkaa na briketi za mkaa. Moshi wake ni mdogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika! Hutoa kaboni monoksaidi nyingi sana. Usiuwashe kamwe ndani ya nyumba wala hema, hata dirisha likiwa wazi.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Kengele ya kawaida ya moshi haiitambui. Inahitaji kengele yake maalumu.

Kumbuka pia kwamba fleti nyingi za Stockholm tayari hupata joto la mabaki ya miti. Tangu 2016, kiwanda cha Värtaverket kinachoma vipande vya miti, na maji ya moto husambazwa kwa mabomba hadi majumbani. Kwa hiyo nyumba ikiwa baridi, mwambie mwenye nyumba, usiwashe jiko la mkaa.

Mkipata dalili hizo, tokeni nje haraka wote, watoto kwanza, kisha pigeni 112. Kwa ushauri wa kawaida wa afya, piga 1177.

Tafadhali mweleze na mwenzako aliyefika karibuni. Afya njema!