Ukienda Kusafishwa Meno, Tarajia Haya

Wengi wetu humwona daktari wa meno siku shavu limevimba na usingizi umekataa. Kufikia hapo, mara nyingi kilichobaki ni kutibu mzizi au kung'oa. Nenda ukiwa mzima, na ujue haya kabla hujaketi kitini.

1. Sema yote mapema. Presha, kisukari, mzio, dawa za kuzuia damu kuganda: vyote vina maana kinywani. Kisukari kisichodhibitiwa hudhoofisha fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Mama mjamzito, usiahirishe. Fizi huvimba na kutoka damu kwa urahisi wakati huo, na kusafishwa meno ni salama.

2. Uchunguzi ni mwepesi. Daktari hutumia kioo kidogo na kijiti chembamba chenye alama, anachopimia nafasi kati ya jino na fizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 ataanza kukuhoji. Atatazama pia ulimi, chini yake na mashavu kwa ndani, akitafuta vidonda visivyopona. Mvuta sigara au mla tambuu asiikwepe sehemu hii. Picha ya eksirei si lazima kila mara.

3. Kisha ugaga. Utando laini usiopigwa mswaki hushikana na madini ya mate ukawa mgumu, na hapo hakuna mswaki unaoutoa. Utakwanguliwa kwa ncha ya mashine inayotetemeka na kurusha maji, huku mrija ukinyonya mate. Sauti yake inakera, damu kidogo ni kawaida. Ukitaka kupumzika, inua mkono.

4. Kusafisha hakulegezi meno. Maneno kwamba kunalegeza yamewanyima watu wengi meno yao, kwa hiyo tuweke wazi. Kinacholegeza jino ni ugonjwa wa fizi unaokula mfupa unaolishikilia. Ugaga mwingi hujaza mianya na kuyabana meno pamoja, ukadhani yako imara. Ukiondolewa, mwanya unaonekana na jino linacheza, lawama anabebeshwa daktari. Ukiuacha, mfupa unaendelea kuliwa kimyakimya.

5. Madoa si yote yanayotoka. Ya chai, kahawa na sigara hutoka. Rangi ya kahawia ya waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha au Nakuru, imo ndani ya jino lenyewe. Mwulize daktari njia nyingine.

6. Uliza bei kwanza. Uliza pia kama vifaa vimetakaswa kwa mashine ya mvuke. Ni haki yako.

7. Ukirudi nyumbani, meno yanaweza kusisimka kwa maji baridi siku chache, yatatulia. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi, tema povu bila kusukutua. Watu wengi hurudi baada ya miezi 6. Wenye fizi mbovu, mapema zaidi.

8. Mpeleke na mtoto, kabla hajatimiza mwaka 1. Na mtu akikuambia homa au kuharisha kwa mtoto kunaletwa na "meno ya plastiki" yanayotakiwa kung'olewa, mkatalie. Yanayochimbuliwa pale ni meno halisi ya mtoto ambayo hayajaota, tena kwa kifaa kisicho salama. Mbebe mwanao umpeleke hospitali siku hiyohiyo.