Somo: Kungoa kangaga na kurudisha majani katika malisho



Huku Masisi wafugaji wengi wanatuuliza kwa nini kangaga (wengine wanaiita fujere) inarudi kila mwaka, hata wakiikata. Jibu letu ni hili: tunakata, kisha tunaacha udongo wazi. Pahali pa wazi hapabaki bure. Kangaga inarudi, ama mvua inabeba udongo.

Tujue adui kwanza

Kangaga ina shina linalotembea chini ya udongo. Moto hauliui lile shina. Unaunguza majani mazuri, na kangaga inatoka ya kwanza. Tena iko na sumu: ng'ombe akiikula kwa muda mrefu anaweza kukojoa damu. Ile changa, yenye ncha iliyojikunja, ndiyo mbaya zaidi.

Kazi yenyewe

1. Mwezi wa nane, muzunguke malisho yote na kuweka vijiti pahali palipobaki udongo mtupu ama kangaga tu.

2. Mvua ya mwezi wa tisa ikishika vizuri, mulime vile vipande kwa jembe. Mutoe mashina ya kangaga na kuyaanika juani mpaka yakauke kabisa.

3. Siku ile ile mupande kikuyu. Musingoje mbegu, tumieni vipande vya shina, kila kimoja na vifundo 3 ao 4. Muvitoe kando ya njia, si katikati ya malisho mazuri. Muache sentimeta 50 kati ya kimoja na kingine, mufukie vifundo 2, mukanyage kidogo. Kipande cha meta 10 kwa 10 kinaomba mashina karibu 400. Mbolea ya ng'ombe iliyooza inasaidia sana.

4. Pahali pakubwa pasipolimika, mukate kangaga majani yake yakisha kufunguka, kwa sababu wakati ule shina la chini limetumia akiba yake. Murudie mara 2 ao 3 kwa mwaka, kwa miaka kadhaa. Kukata mara moja ni jasho la bure.

Angalisho: kikuyu inatembea. Musiipande karibu na shamba la maharagwe ao viazi la jirani. Kule inakuwa yenyewe majani mabaya, na itawaletea maneno.

Pahali kazi inaharibika

Kikuyu mpya inaomba kupumzika karibu miezi 3. Ng'ombe wa mtu mmoja akiingia wiki ya pili, atangoa yote, na kazi ya watu ishirini imekufa. Tunajua kufunga malisho ni kuzito: maziwa ya leo ndiyo yanalipa shule. Ndiyo maana tunashauri musifunge yote. Mufunge robo moja mwaka huu, robo nyingine mwaka kesho. Na mwenye ng'ombe wengi asisukume hasara kwa mwenye ng'ombe 2.

Lakini kama hesabu ya ng'ombe inabaki kubwa kuliko majani, vile vipande vya wazi vitarudi hata tukipanda namna gani.

Maswali ya mkutano

Tunafunga robo gani kwanza? Ng'ombe wa pale watakula wapi? Nani atachunga uzio, na mwenye kuuvunja atalipa nini?

Mukipata majibu, muyaandike katika daftari ya koperative mbele ya kushika jembe.