Vidole vya miguu kuwaka moto usiku

Swali kutoka Buyenzi, Bujumbura
Vidole vya miguu vinaniwaka moto, hasa usiku, lakini nikivigusa ni vya kawaida. Niko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu, na jirani ananiambia niziache. Nifanye nini?

Jibu
Moto unaosikika vidoleni ilhali ngozi haina joto mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu. Mishipa inayofika huko ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, hivyo ikikosa lishe au ikidhuriwa na dawa, ncha zake huumia kwanza, na kwa kawaida katika miguu yote miwili.

Kwa anayetibiwa kifua kikuu, ya kwanza kushukiwa ni isoniazidi, ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wanywaji wa pombe na wenye lishe duni. Tiba yake ni rahisi: daktari huongeza vidonge vya B6, na dawa za kifua kikuu huendelea hadi mwisho. Kuziacha njiani ni hatari kubwa, kwa kuwa ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu na kuambukiza watu wa nyumbani. B6 nayo hainywewi kiholela. Ikizidi sana huharibu mishipa hiyohiyo.

Sababu nyingine hupimwa. Kisukari hushukiwa sukari ya damu kabla ya kula ikifika gramu 1.26 kwa lita, na kipimo hurudiwa. Pombe ya kila siku, iwe bia au urwarwa, hudhuru mishipa. Upungufu wa vitamini B12 huwapata wasiokula nyama, samaki wala maziwa. Ganzi pamoja na mabaka yasiyo na hisia huelekeza kwenye ukoma.

Kidole kikiwa chekundu, kimevimba na kina joto hata kwa mkono, huenda ni jongo, ambalo pirazinamidi, dawa nyingine ya kifua kikuu, inaweza kulichochea. Muwasho na ngozi kubanduka kati ya vidole ni dalili za fangasi.

Kidonda, kidole cheusi, mguu uliopoa ghafla au miguu kuishiwa nguvu ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Bila dalili hizo, mgonjwa huenda kituo anachochukulia dawa, hueleza moto huo na huuliza kuhusu B6, bila kuruka dozi hata moja.