MASOMO YA BURE MTANDAONI: TUYATUMIE VIPI?

Wahenga walinena kuwa elimu ni bahari. Sisi wa Pwani bahari twaijua: mwenye chombo huvuka, asiye nacho hubaki ufuoni akitazama. Walimu wapendwa na wanafunzi wenzangu, leo nataka tuzungumzie chombo kimoja ambacho wengi wetu tunakishika kila jioni lakini hakitufikishi popote. Chombo hicho ni simu, na safari ninayoitaja ni ya masomo ya bure kwenye intaneti. Nitaeleza asili ya masomo hayo, nitatoa mfano wangu mwenyewe, kisha nitataja namna ya kuyatumia na mipaka yake.

Asili yake

Kusomea mbali na darasa si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliundwa mwaka 1969, kikawa chafundisha kwa redio na televisheni. Jirani zetu Watanzania walianzisha chao mwaka 1992. Lakini huko mwanafunzi hulipa. Jambo jipya lilikuja mwaka 2001, chuo cha MIT cha Marekani kilipotangaza kuwa kitaweka masomo yake kwenye mtandao ili mtu yeyote ayasome bila ada.

Halafu kuna kisa cha Salman Khan. Mwaka 2004 alikuwa akifanya kazi Boston, na binamu yake, Nadia, alikuwa New Orleans, amekwama katika hesabu za kugeuza vipimo. Khan akawa anamfundisha kwa simu na kompyuta. Jamaa wengine nao wakaomba, ndipo mwaka 2006 akaanza kuweka video kwenye YouTube, na mwaka 2008 likazaliwa shirika la Khan Academy. Angalieni basi, jambo lote hilo lilianza na mtoto mmoja aliyekwama.

Na sisi je? Kenya ilikuwa ikitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwezi wa Juni mwaka 2009 waya wa TEAMS kutoka Fujairah, kule Ghuba, ulitua papa hapa Mombasa. Mwezi uliofuata ukaanza kazi waya wa SEACOM. Kwa hiyo masomo ya dunia huingia nchini kwa mlango wetu, kama zilivyoingia jahazi zamani. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, taasisi ya mitaala, KICD, ilitoa vipindi kwa redio, televisheni na mtandao wake uitwao Kenya Education Cloud.

Mfano wangu

Muhula uliopita nilikaa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo. Niliporudi, darasa la kemia lilikuwa limeshapita somo la moli. Nikanakili daftari la mwenzangu neno kwa neno, na katika jaribio nikapata 4 kwa 20. Nilikuwa nimeandika kila kitu na sijaelewa hata kimoja.

Usiku ule nikamwomba mama simu yake. Akaniuliza, "Wataka kusoma ama wataka kuchezea?" Nikamwapia kuwa nasoma. Nikatazama video tatu mfululizo, nikitikisa kichwa kama naelewa. Ya nne haikuwa ya kemia, ilikuwa ya mpira. Bando likaisha. Asubuhi mama alitaka kumpigia mteja wake wa mahamri, akakuta simu haina kitu. Hakunigombeza, alisema tu, "Haya, niambie ulichosoma." Nikakosa la kumjibu. Hapo ndipo nilipoona aibu.

Jioni ile nikakaa naye akihesabu mahamri, dazeni moja moja. Ndipo nikakumbuka mwalimu wa video alisema moli ni hesabu tu. Dazeni ni vitu 12, moli ni chembe 6.02 × 10²³. Dazeni ya mahamri na dazeni ya mayai idadi ni moja lakini uzito si mmoja. Vivyo hivyo, moli moja ya kaboni ni gramu 12, na moli moja ya maji ni gramu 18, kwa kuwa haidrojeni mbili ni 2 na oksijeni ni 16. Basi gramu 36 za maji ni moli ngapi? 36 ÷ 18 = moli 2. Nilimweleza mama, akanijibu, "Kumbe ni dazeni ya wasomi!"

Jaribio lililofuata nilipata 13. Si nyingi, lakini zilikuwa zangu.

Namna ya kuyatumia

(a) Andika swali lako kwenye karatasi kabla ya kuwasha data. Asiyejua anachotafuta hupotea njiani.

(b) Tazama video moja tu. Isimamishe kabla mwalimu hajatoa jibu, ulitafute mwenyewe, kisha ulinganishe.

(c) Maandishi hula bando kidogo kuliko video. Penye mtandao mzuri, pakua somo ulisome baadaye.

(d) Mfundishe mtu mwingine, hata mdogo wako. Ukishindwa kueleza, bado hujaelewa.

Mipaka yake

Kwanza, bure si bure kabisa. Somo halilipiwi, lakini bando lalipiwa, na simu moja yaweza kuwa ya nyumba nzima. Pili, masomo mengi hayakutungwa kwa silabasi yetu. Mimi niliiga Wamarekani nikaandika "aluminum", mwalimu akanichorea mstari mwekundu, maana mitihani yetu huandika "aluminium". Tatu, video haikuoni ukikunja uso. Mwalimu wa darasani hukuona, akarudia. Nne, aghalabu ni kwa Kiingereza. Nilielewa moli siku niliyoisema kwa Kiswahili, tena jikoni.

Kwa hivyo naomba jambo moja kwa chama chetu. Kila mwanachama achague somo moja alilolielewa, liwe la hisabati, historia, jiografia au muziki, aliandike kwa Kiswahili chepesi ukurasa mmoja, tuyaweke pamoja kwenye faili maktabani. Siku mwenzetu atakaporudishwa nyumbani, ukurasa huo utamfuata pasipo bando wala chaji. Mimi nimeshaandika wa moli.

Nadia alipokwama alikuwa na binamu. Sisi hapa Mishomoroni tuko wengi, na sote ni binamu. Kidole kimoja hakivunji chawa.