Usinunue Waya Kabla ya Kujaribu

Hapa Mkula vikundi vingi vya wakulima vinataka kutazama filamu za kilimo cha pamba, ila kioo cha simu ni kidogo mno. Watu wanakimbilia waya. Kumbe simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kwenye tundu la chaji! Ukiichomeka kwenye runinga, inakula chaji tu.

Beba simu yako hadi dukani. Ijaribiwe kwenye tundu lililoandikwa HDMI kabla hujatoa fedha. Ikikubali, kumbuka kwamba kila kitu kitaonekana, hata ujumbe wa fedha zako.

Njia nyepesi ni flashi: weka filamu humo, ichomeke kwenye tundu la USB la runinga. Hapo hata bando haliliwi.