Namba tasa ya Euler

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Watu walijuaje kabla ya kompyuta? Si ingechukua miaka kujaribu vigawo vyote?

Jibu: Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Leonhard Euler alithibitisha kuwa ni tasa mwaka 1772. Hakuna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, takriban 46,340, maana kigawo kikubwa zaidi huja na mwenzake mdogo.

Uzuri wenyewe uko hapa. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawanya kwa 31, na 1 au 7 ukikigawanya kwa 8. Unganisha masharti hayo: kwa 248, baki ni 1 au 63. Ukiiacha 63 yenyewe, ambayo si tasa, zinasalia namba 372 tu, na nyingi kati yake si tasa, hivyo unaziruka. Mtu mvumilivu mwenye kalamu anazimaliza. Kwangu, hii ni miongoni mwa hoja nzuri kabisa za hesabu.

Saa za kompyuta zenye biti 32, zinazohesabu sekunde tangu 1970, zitafikia namba hiyohiyo tarehe 19 Januari 2038.